Kutoka King's Road hadi Harajuku: mavazi ya mtaani kama kazi ya mashabiki

Ninaandika haya kama mtu aliyelelewa na hip-hop tangu utotoni na kuingia katika panki, ile rock ya kasi na makelele ya miaka ya sabini, akiwa mtu mzima, na ambaye katika muziki wa aina zote mbili aliijua nguo kabla ya kuijua historia. Nimesoma mara nyingi kwamba mavazi ya mtaani ni tawi la biashara ya muziki: msanii anaimba, anapendwa, kisha kampuni inachapa fulana na kofia ili ivune pale penye mapenzi. Maelezo hayo yanaifaa miaka hii ya karibuni, lakini hayaelezi mavazi haya yalizaliwa wapi. Ukiwafuatilia watu walioyaanzisha, utakuta kwamba wengi wao walikuwa mashabiki kwanza, watu waliosimama chini ya jukwaa wakitazama juu, na ambao kwa kukosa sauti au gitaa waliamua kushiriki kwa mkasi, rangi na uzi. Ndiyo maana shabiki wa kweli akivaa fulana ya kundi alipendalo hajisikii kama mteja. Anajua, hata kama hajawahi kulisema, kwamba amevaa kitu kilichotengenezwa na mtu wa aina yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni duka dogo lililokuwa namba 430 katika barabara ya King's Road, London. Vivienne Westwood alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwenzake Malcolm McLaren alikuwa ametoka vyuo vya sanaa. Mwaka 1971 walianza kuuza hapo nguo za miaka ya hamsini na sahani za zamani za rock 'n' roll, wakaliita duka Let It Rock. Kila walipochoka na walichokuwa wakikiuza walibadilisha jina pamoja na bidhaa zote: mwaka 1974 likawa SEX, na mwishoni mwa 1976 likawa Seditionaries. Vijana waliokuwa wakishinda pale si wote waliokuwa na pesa ya kununua. Wengi walikwenda kukaa, kusikiliza muziki uliokuwa ukipigwa na kuonana na wenzao, na miongoni mwao ndimo lilimotoka kundi la panki la Sex Pistols, ambalo mpiga besi wake wa kwanza, Glen Matlock, alikuwa akiuza dukani humo.

Namna kundi hilo lilivyompata mwimbaji ni kisa kinachostahili kusimuliwa polepole. Mwaka 1975 kijana aitwaye John Lydon alikuwa akipita King's Road akiwa amepaka nywele zake rangi ya kijani na kuvaa fulana ya kundi la Pink Floyd, ambayo juu ya jina la kundi alikuwa ameandika kwa mkono wake maneno ya kusema kwamba analichukia. Hiyo ilikuwa fulana ya kawaida ya mashabiki, ya kundi kubwa na tajiri, na yeye aliigeuza kwa kalamu tu ikawa tangazo la vita. Waliomwona walimwita akajaribiwe. Hakukuwa na bendi ya kumsindikiza, kwa hiyo alisimama mbele ya mashine ya muziki mle dukani na kuigiza kana kwamba anauimba wimbo wa Alice Cooper. Kwa maneno mengine, Lydon, ambaye jukwaani aliitwa Johnny Rotten, aliajiriwa kwa sababu ya fulana yake, kabla mtu yeyote hajajua kama anaweza kuimba.

Mapema mwaka huohuo McLaren alikuwa New York na kundi la New York Dolls, na huko alimwona Richard Hell, mwanamuziki aliyevaa mashati yaliyochanwa na kushikizwa kwa pini, nywele zikiwa zimesimama ovyo. Aliurudisha mtindo huo London, na Westwood akaufanyia kazi ya fundi hasa: suruali zenye mkanda unaounganisha miguu miwili, mashati ya kitambaa chepesi yenye mikono mirefu kupita vidole, na zipu mahali pasipohitaji zipu. Nguo hizo hazikuwa za bei ya kijana asiye na kazi, na ninaona kwamba bei hiyo ndiyo iliyoisaidia panki kuenea, kwa sababu waliozitamani walirudi nyumbani wakachukua shati kuukuu la baba, pini za nepi na kopo la rangi, wakajitengenezea zao.

Kundi jingine la panki la London, The Clash, lilifanya vivyo hivyo. Walikata herufi kwenye karatasi ngumu, wakaiweka juu ya shati au koti na kupuliza rangi, na mpiga besi Paul Simonon, ambaye alikuwa amesoma uchoraji, alirushia rangi nguo, viatu na hata gitaa lake. Hakuna kitu pale ambacho shabiki wa umri wa miaka kumi na mitano hakuweza kukifanya kwenye meza ya kulia chakula. Hapo ndipo uhusiano wa nguo na muziki ulipokuwa wa karibu kabisa, kwa kuwa panki ilimwambia kijana kwamba kutojua kupiga gitaa vizuri hakumzuii kuanzisha bendi, na shati lenye matone ya rangi lilimwambia jambo lilelile kuhusu ushonaji.

Huko New York hip-hop ilianza kwa njia nyingine. Sherehe ya DJ Kool Herc ya Agosti 1973 katika jengo la namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wake, lakini makundi ya kwanza yaliyopata umaarufu yalipanda jukwaani kwa ngozi, manyoya na vyuma vinavyong'aa, kwa desturi ya wanamuziki wa funk na rock waliowatangulia. Run-DMC, kutoka mtaa wa Hollis, Queens, ndio waliovunja desturi hiyo kwa kuvaa jukwaani kile ambacho DJ wao, Jam Master Jay, na wenzake walikuwa wakivaa kijiweni: kofia nyeusi, koti la ngozi, suruali ya jinzi, na raba za Adidas Superstar zenye ncha ngumu ya mpira iliyochongwa mistari kama gamba la kome, bila kamba.

Kukosekana kwa kamba kulikuwa na maana. Gerezani mfungwa hunyang'anywa kamba za viatu, na kulikuwa na watu wazima wa Queens, daktari mmoja akiwamo, waliolaumu hadharani kwamba vijana wanavaa viatu vya wahalifu. Wimbo wa Run-DMC wa mwaka 1986 kuhusu raba hizo ulikuwa jibu kwa lawama hiyo, ukieleza kwamba viatu vilevile vimekanyaga majukwaa na kufanya mema. Julai ya mwaka huo, katika ukumbi wa Madison Square Garden, waliwaomba mashabiki wainue viatu vyao juu, na maelfu ya raba zikaonekana hewani mbele ya ofisa wa Adidas aliyekuwa amealikwa aje kutazama. Mkataba uliofuata ulitajwa kuwa wa dola milioni 1. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama siku ambayo kampuni iliivumbua hip-hop, ilhali raba zilizoinuliwa usiku ule zilikuwa zimenunuliwa na wenyewe, kwa pesa zao, na kampuni ilikuwa ya mwisho kufika.

Harlem nako, kwenye barabara ya 125, Daniel Day, anayejulikana kama Dapper Dan, alifungua duka lake mwaka 1982. Alichapa nembo za Gucci, Louis Vuitton na Fendi juu ya ngozi kwa wino wake mwenyewe, kisha akashona makoti ambayo kampuni zenyewe hazijawahi kuyafikiria. Makoti ambayo wasanii wa hip-hop Eric B. na Rakim wameyavaa kwenye jalada la albamu yao ya mwaka 1987 yalitoka mikononi mwake. Wanasheria walimwandama hadi akafunga duka mwaka 1992. Miaka ishirini na mitano baadaye, mwaka 2017, Gucci ilionyesha koti lililofanana mno na lile alilomshonea mwanariadha Diane Dixon, watu wakapiga kelele, na mwaka huohuo kampuni ikaingia ubia naye, kisha mwaka uliofuata ikamfungulia karakana Harlem. Nimefurahi kwamba alilipwa akiwa hai, lakini siwezi kusahau miaka iliyopotea katikati, wala sioni kwamba ubia huo unafuta mashitaka ya miaka mingi.

Mashabiki wa panki na mashabiki wa hip-hop hawakupatana siku ya kwanza walipokutana. Mwaka 1981 The Clash walipiga maonyesho 17 katika ukumbi wa Bond's, karibu na Times Square, na usiku wa kwanza walimweka DJ wa hip-hop Grandmaster Flash na kundi lake wafungue. Mashabiki wa panki waliwazomea na kuwarushia vikombe, jambo ambalo The Clash waliwalaumu waziwazi. Waliopatana mapema ni wasanii na wachoraji. Mwaka huohuo Futura 2000, aliyejulikana kwa michoro yake kwenye mabehewa ya treni za chini ya ardhi, alisafiri na The Clash barani Ulaya akichora nyuma ya jukwaa kwa makopo ya rangi ya kupuliza wakati bendi ikipiga. Baadaye mkono wake huohuo ukaingia kwenye fulana na raba. Beastie Boys, ambao tunawajua kama marapa, walianza mwaka 1981 wakiwa bendi ya panki kali, na miaka kumi baadaye mmoja wao, Mike D, alikuwa miongoni mwa waliosimama nyuma ya duka la nguo la X-Large jijini Los Angeles.

McLaren naye alivuka. Mwaka 1982 alitoa wimbo uliojaa mikwaruzo ya sahani, yaani sauti ya sahani ikisukumwa mbele na nyuma chini ya sindano, akishirikiana na watangazaji wa redio wa New York walioitwa World's Famous Supreme Team, na katika video yake wachezaji wa Rock Steady Crew wanaonekana pamoja na nguo za Westwood za msimu ule, ikiwamo kofia ndefu ya kitambaa kizito iliyobonyezwa pande zote. Mwanamuziki wa Marekani Pharrell Williams alipoivaa kofia ya mtindo huohuo kwenye tuzo za Grammy za Januari 2014, dunia nzima ilicheka na kuuliza ameitoa wapi. Jibu ni kwamba aliitoa mahali ambapo panki na hip-hop zilikutana juu ya kichwa kimoja, miaka zaidi ya thelathini kabla.

Mtu aliyezielewa pande zote mbili kuliko wengi alikuwa Mjapani. Hiroshi Fujiwara, kijana kutoka mkoa wa Mie aliyependa panki, alifika London mwaka 1982 na kuwafahamu Westwood na McLaren. Kutoka huko alifika New York wakati hip-hop inachemka, akarudi Tokyo na sahani za muziki ambazo karibu hakuna aliyekuwa nazo, akawa miongoni mwa wa kwanza kukwaruza sahani mbele ya wachezaji wa disko nchini mwake. Pamoja na Kan Takagi aliunda kundi la Tinnie Punx, jina ambalo lenyewe ni la panki ingawa kazi yao ilikuwa hip-hop, na kuanzia mwaka 1987 wawili hao waliandika safu katika jarida la Takarajima wakieleza sahani gani isikilizwe, raba gani ivaliwe, filamu gani itazamwe. Katika safu ile muziki na nguo vilikaa kwenye ukurasa mmoja kama mambo ya familia moja. Mwaka 1990 alianzisha chapa ya Goodenough, akafuata mfano wa Shawn Stussy wa California, mtengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi ambaye alikuwa amezihamishia fulanani saini zake zilizoandikwa kwa kalamu nene.

Waliosoma safu hiyo wakiwa vijana ndio waliofanya kilichofuata. Jun Takahashi na Tomoaki Nagao walikutana katika chuo cha mitindo cha Bunka. Takahashi alifanana na Johnny Rotten kiasi kwamba aliitwa Jonio, na aliimba katika bendi ya kuiga iliyojiita Tokyo Sex Pistols. Nagao alikuwa mtu wa hip-hop, naye alifanana na Fujiwara, watu wakambatiza Nigo, yaani namba mbili. Aprili 1993 walifungua duka dogo lililoitwa Nowhere katika vichochoro vya nyuma vya Harajuku, mtaa wa Tokyo: upande mmoja nguo za Undercover za Takahashi, upande wa pili mzigo wa Nigo, ambaye mwaka huohuo alianzisha chapa ya A Bathing Ape. Sijui mahali pengine popote ambapo hoja yangu inaonekana kwa macho namna hii, kwamba shabiki wa panki na shabiki wa hip-hop waligawana chumba kimoja cha kupanga, kila mmoja akiwa amepewa jina la utani la mtu aliyemhusudu.

Nigo alichapa fulana chache, nyingine akawagawia marafiki wanamuziki. Uchache huo, ambao leo ni mbinu ya biashara ya kila chapa, mwanzoni ulitokana na mtaji mdogo, na kwa shabiki ulikuwa na ladha ya sahani iliyotolewa nakala chache: aliyenayo alijulikana kuwa alikuwapo. Baadaye Nigo alikutana na Pharrell, wakaanzisha chapa ya Billionaire Boys Club, na kwa njia hiyo hip-hop ya Marekani ikavaa Tokyo, iliyokuwa imevaa New York na London. Kuhusu duka la nguo la Supreme, lililofunguliwa na James Jebbia katika mtaa wa Lafayette, New York, mwaka 1994, yameandikwa mengi mno nami sina la kuongeza, isipokuwa kwamba limewahi kutoa nguo za Bad Brains, wanamuziki weusi wa Washington waliopiga panki kwa kasi ambayo wazungu wengi hawakuiweza, na kwa wengi wa rika langu jina la kundi hilo lilisomwa kwanza kifuani pa mtu.

Kwetu Dar es Salaam mavazi haya yalikuja kwa robota. Nguo zilizochapwa kwa ajili ya mashabiki wa Detroit au Manchester huishia kwenye meza za Karume, zikiwa zimefuliwa hadi kupauka, na ni pale nilipookota fulana nyeusi yenye picha ya mtu aliyeinama akivunja gitaa la besi. Niliichukua kwa sababu ya kazi yake: pindo la chini lilikuwa la mshono mmoja, jambo ambalo viwanda vingi vya fulana viliacha katikati ya miaka ya tisini, na chapa ilikuwa imepasukapasuka bila kubanduka, dalili kwamba wino ulikuwa umezama kwenye uzi. Baadaye nikatambua kwamba aliyeinama ni Paul Simonon, yuleyule wa matone ya rangi, akipigwa picha jukwaani New York mwaka 1979. Nikaanza kuwasikiliza The Clash, na nikakuta kwamba mwaka 1980, baada ya kuwasikia marapa wa Sugarhill Gang, walirekodi wimbo wenye mashairi ya kughani juu ya besi inayojirudia. Mimi niliyedhani nimeingia nyumba ya kigeni nikamkuta ndugu yangu sebuleni. Bila fulana ile nisingefika.

Hata wanamuziki wetu waliwahi kulifikiria jambo hili kwa undani. X Plastaz wa Arusha, ambao albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitoka mwaka 2004, walipanda majukwaa ya Ulaya shuka za Kimasai zikiwa kando ya suruali pana, na sikuona kwamba walikuwa wakiuza utalii. Walifanya kile Run-DMC walichofanya, yaani kupanda jukwaani na nguo za mahali walikotoka.

Nina uchungu na jambo moja, nalo ni fulana zinazouzwa siku hizi kwenye maduka makubwa zikiwa na nembo za bendi ya panki ya Ramones au kundi la rap la Wu-Tang, zimechapwa tayari zionekane zimechakaa. Simlaumu kijana anayezivaa bila kujua wimbo hata mmoja, kwa sababu nami niliingia kwa mlango huohuo wa nguo. Namlaumu mtengenezaji aliyekata uzi uliokuwa ukimrudisha kijana huyo kwenye muziki. Nembo ya Ramones yenye ndege tai ilichorwa na Arturo Vega, rafiki wa bendi, ambaye alichapa fulana nyumbani kwake, hatua chache kutoka klabu ya CBGB, na kuziuza mwenyewe kwenye maonyesho. Mauzo hayo yaliisaidia bendi ambayo redio haikuitaka. Wu Wear, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilikuwa ya Oliver Grant, mtu wa ndani ya Wu-Tang, na duka lao lilikuwa Staten Island kwao. CBGB ilifungwa Oktoba 2006, na mwaka 2008 chumba chake kikawa duka la nguo za bei kubwa. Wapo walioona kwamba ni heshima kuziacha kuta na mabango yake ya zamani. Mimi naona kwamba ukuta wenye mabango usio na bendi ya kujaribu bahati yake usiku wa Jumatatu ni pambo tu.

Kinachonipa moyo kiko Kariakoo, kwa kijana anayechapia marapa wa mtaani kwake. Ana fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa cha neti, kipande cha mpira cha kukokotea wino, na waya wa kuanikia juani. Anabana fulana ubaoni, anamimina wino ukingoni, anaukokota mara mbili, ananyanyua fremu kwa kona moja kwanza ili mchoro usiteleze. Nilitaka kununua fulana ya rapa ambaye sikuhudhuria onyesho lake, akanijibu kwa upole:

"Kaka, hizi za leo ni za waliokuja Jumamosi. Wewe njoo Jumamosi ijayo, anapiga tena, utachukua pale pale mlangoni."

Nilimuuliza kama haoni anapoteza mteja. Akasema kwamba fulana zenyewe ni chache na wino umepanda bei, na kwamba yeye ndiye anayemshikia rapa huyo maikrofoni ya pili, kwa hiyo angependa ukumbi ujae. Nilimlipa ujira wa kazi nyingine niliyokuwa nimempelekea, tukaandikiana namba, na Jumamosi nilikwenda.